Mita Sitini za Mama Hidaya

Wanaosema mtoto wa kike akishasoma amepona, waje hapa sokoni niwasimulie habari za mdogo wangu Hidaya. Mimi naitwa Pili, nauza ndizi na mananasi ya Kinole. Mama yangu na mama yake ni tumbo moja, wangu mkubwa, wake mdogo, kwa hiyo haya sikuambiwa na jirani. Nimeyaona. Na mdomo wangu mnaujua, hauna breki. Atakayeguswa anisamehe, na asiponisamehe basi.

Hidaya alisomeshwa na shamba la mtoni. Kwetu Kinole kila mtu ana kipande chake mlimani, cha karafuu, cha pilipili manga, lakini hivyo ni vya kungojea msimu. Shamba la mtoni ndilo linalolisha. Lina ndizi, lina magimbi, lina mboga hata kiangazi kikikaza. La mama mdogo, Mwanvita, lilikuwa zuri kuliko yote, udongo mweusi wenye unyevu mwaka mzima. Alilipata kwa bibi yetu, na bibi alilipata kwa mama yake. Sisi Waluguru ardhi inapita kwa mama. Wakija wanawake wa mjini na semina zao za haki ya kurithi tulikuwa tunawacheka, tunawaambia hiyo sisi tulizaliwa nayo.

Mama mdogo aliachwa na mume Hidaya akiwa darasa la tano na mdogo wake Nasra bado yuko mgongoni. Watu wakamwambia, huyo mkubwa mcheze ngoma ya unyago aolewe, upunguze mzigo. Ngoma akamcheza, akatoka mwali kama wenzake wote, kisha akamrudisha darasani. Akabeba ndizi kichwani mpaka barabarani miaka yote hiyo. Nikimwona anashuka na mkungu nilikuwa nageuza uso, nilikuwa naona huruma, na yeye huruma hakuitaka.

Na mtoto mwenyewe alikuwa na akili, hilo tusilipunguze. Mvua ikinyesha mto unageuka rangi ya chai ya maziwa. Watoto wengine wanaogelea, yeye anauliza, "Udongo huu umetoka kwa nani?" Alianza kuuliza hivyo mdogo kabisa, na akaendelea kuuliza mpaka akaingia chuo kikuu hapa mjini, akasoma sayansi ya mazingira. Siku alipomaliza mama mdogo alishuka Morogoro amevaa khanga mpya.  Siku nzima alikuwa anamshika tu mwanawe mkono, kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Basi ukafunguliwa mradi hapa mjini. Jina sitataja, maana waliokuwemo bado wanapita hapa kununua ndizi. Mabango yao yaliandikwa kuwainua wanawake katika sayansi ya mazingira, na picha ya msichana ameshika chupa ya maji anaitazama juani. Wakamchukua Hidaya kwa kujitolea. Mnajua kujitolea kwenyewe kulivyo. Unafanya kazi ya mtu mzima, ukiuliza unaambiwa unapata uzoefu.

Uzoefu alioupata nausema. Wakienda mtoni kuchota maji ya kupima, mabuti yaliyokuwepo yote ni ya wanaume, anayajaza matambara ndiyo yamkae. Wanaume wanajisaidia nyuma ya gari, yeye anabana toka asubuhi mpaka warudi. Kwenye semina, semina ya kuwainua wanawake hiyo hiyo, yeye ndiye anayepanga viti na kugawa soda. Mratibu wao, Bwana Fransisko, alikuwa akimwita "binti yetu" mbele ya wageni. Wageni wakiondoka anamwambia akakusanye vikombe.

Alivumilia. Na siyo kwamba alikuwa mjinga, alikuwa anaupenda ule mto. Alipima mwenyewe akaona maji yanapungua na tope linaongezeka. Maji yale yanaingia Ruvu, yanakwenda kunywewa Dar es Salaam, na juu huku sisi tunalima mpaka mguu wa mgomba uko ndani ya maji. Hakudanganya mtu, na ndicho kinachoniuma zaidi. Angekuwa tapeli ningesema amevuna alichopanda.

Siku moja Fransisko akamwita. Akamwambia kuna nafasi moja inakuja, ajira ya kudumu, mtaalamu wa vyanzo vya maji, na imetengwa kwa mwanamke. Lakini wafadhili wanakuja, wanataka kuona kijiji kilichoacha kulima mita sitini kutoka mtoni. Sheria ya mita sitini sote tunaijua, kama tunavyojua kwamba sigara ni mbaya. Hakuna aliyekuwa anaifuata. "Wewe ni binti wa kule, mwanamke mwenzao," akamwambia. "Ukienda wewe watakusikia. Bikoni za mpaka zikisimama, nafasi ni yako."

Hidaya akaja hapa kwenye meza yangu mbio mbio, akamenya ndizi bila kuomba.

"Dada Pili, nikiipata hii mama habebi tena ndizi kichwani. Na Nasra namsomesha mimi."

"Na wale akina mama wote wa mtoni waende wapi?"

"Mradi utaleta mizinga ya nyuki na mabwawa ya samaki. Na miche ya mikuyu ya kupanda pale pale, kushika udongo."

"Imeshafika?"

"Inakuja," akasema, akala ndizi ya pili.

Kwetu jambo kama hilo huliingizi kijijini kwa kipaza sauti. Unalipeleka kwenye ukoo, kwenye lukolo kama tunavyosema wenyewe. Mkuu wa ukoo wetu ni mjomba Halidi, kaka yao mama zetu. Tukakaa uani kwake, wanawake kwenye mikeka, nami nilipanda siku hiyo nikaacha biashara. Hidaya akapiga magoti, "Shikamoo mjomba," akaitikiwa vizuri. Akaeleza. Alieleza kwa Kiluguru, taratibu, habari za mto tangu chemchemi mpaka bondeni, na hakutumia neno hata moja la chuoni. Nilijisikia fahari, kweli.

 Kisha Rahel, jirani yao wa shamba, mwanamke wa ukoo wetu huo huo, akauliza, "Na kwenu mmeshang'oa?"

Hilo swali lilikuwa la haki. Kwetu anayeleta jambo jipya huanza nyumbani kwake. Huwezi kumwambia mtu amwage uji wake na wako uko jikoni. Hidaya akainamisha kichwa, maana mamaye hakuwa amemwambia kama atang'oa. Mama mdogo akasimama mwenyewe.

"Nitaanza mimi."

Mjomba Halidi akamtazama. "Mwanvita, umefikiri?"

"Nimefikiri kaka. Magimbi yataota mahali pengine. Kazi ya mtoto haioti mara mbili."

"Basi," mjomba akasema, "ukoo umesikia." Tukapiga makofi, na mimi nikapiga.

Nilibaki kumsaidia kung'oa. Magimbi yalikuwa bado machanga, tulikuwa tunayatoa kama vidole vya mtoto. Migomba tukakata na machipukizi yake, maana ukiacha chipukizi hujaondoka. Hidaya alikuwa na utepe wa kupimia na zile bikoni za saruji zilizopakwa rangi nyekundu. Mama mdogo akafika mahali akauliza, "Hapa ndiyo mwisho?" Hidaya akasema, "Bado mama. Mpaka pale." Pale palikuwa ukingo wa juu wa shamba, karibu na njia, yaani shamba zima liling'olewa. Mama mdogo akashika jembe akaendelea. Sikuwahi kumwona Hidaya na uso ule, lakini na yeye aliendelea kupima.

Tukasubiri wengine. Wakasema wanakuja, wavune kwanza. Wakavuna, wakapanda tena. Hidaya akapita nyumba kwa nyumba, anapewa kiti, anapewa ndizi za kuchoma, anaitikiwa vizuri, na hakuna anayeng'oa. Nikamfuata Rahel nikamuuliza mwenyewe kulikoni, mbona mnamwadhiri mtoto.

Rahel hakucheka. "Pili, wewe umekaa mjini sana. Shamba lisilolimwa kwetu ni la nani?"

 Shamba kwetu ni lako maadamu jembe lako limo. Ukiliacha likaota majani linarudi kwa ukoo, na mkuu wa ukoo anampa mwenye shida. Ndivyo walivyoona wazee, ili mtu asikalie ardhi na mwenzake analala njaa. Hilo mimi nalijua, Hidaya analijua, na mama mdogo ndiye aliyetufundisha. Lakini yeye aliona hakuliacha, amelipumzisha kwa ajili ya mto, ukoo mzima ukisikia, na mkuu wa ukoo ni kaka yake. Ungemwamini nani tena kama si huyo?

Nikamwambia Hidaya upesi, pandeni miti. Mti ndio jembe lisilochoka, shamba lenye miti ya mtu haliitwi pori. Akamwendea mjomba, maana kupanda mti wa kudumu kwenye ardhi ya ukoo lazima mkuu aridhie. Mjomba akamwambia angoje ukoo ukae. Na hata angeridhia, angepanda nini? Kila akiuliza miche ofisini anaambiwa mwezi ujao. Mizinga ya nyuki nayo mwezi ujao. Nilimwambia achukue vipandikizi vyovyote porini apande kimya kimya. Akasema, "Dada, nimesimama mbele ya ukoo nikawaambia wafuate utaratibu. Nianze mimi kuuvunja?" Mtoto mwenye heshima huyo. Heshima yake ndiyo iliyomla.

Wafadhili wakaja. Wakapelekwa shamba la mama mdogo, maana ndilo pekee lililong'olewa. Wakamvalisha fulana ya mradi juu ya gauni, wakamsimamisha kando ya bikoni, wakapiga picha. Fransisko akasema kijiji kimeitikia kwa moyo mmoja. Moyo mmoja kweli, wa Mwanvita. Yeye alikuwa anatabasamu kila anapoambiwa atabasamu, maana alidhani anamtabasamia mwajiri wa mwanawe.

Haukupita muda Fransisko akamwita Hidaya. Akamwambia amefanya kazi nzuri sana, lakini kwa ukweli kijiji hakikuhama, amehama mama yake tu. Inaonekana ushawishi kwa akina mama bado. Na kazi yenyewe ni ya kupanda milima kwa pikipiki, na yeye ni binti, kesho ataolewa, mradi utabaki na nani. Nafasi ile iliyotengwa kwa mwanamke wakampa kijana mmoja wa kiume. Hidaya wakampa cheti kizuri chenye maandishi ya dhahabu, na kitenge. Nilipouliza ile nafasi ya mwanamke imekuwaje ya mwanamume, akaniambia waliibadilisha jina. Alinieleza bila hasira, kama anasoma habari za watu wengine, na mimi ndiye niliyetukana mpaka wauza nyanya wakageuka.

Masika ikanyesha. Shamba la mama mdogo likaota majani mpaka kifuani. Kijana mwenye kazi alikwenda Kinole safari moja, pikipiki ikamshinda pale penye utelezi, hakurudi tena, na mradi wenyewe ukafunga ofisi.

Hapo ndipo mjomba Halidi alipolitoa shamba. Alimpa Abdulmajid, mtoto wa dada yao mwingine aliyefariki. Abdulmajid alikuwa anaishi Mzinga hapa mjini, kibarua chake kikaisha, akarudi nyumbani na mke na watoto bila pa kulima. Ni mwana-ukoo, ana haki. Mama mdogo akaenda kwa kaka yake, nami nikiwepo.

"Kaka, mimi nililiacha kwa ajili ya mto. Wewe ulisema ukoo umesikia."

"Ndiyo Mwanvita. Ukoo ulisikia kwamba umeliacha."

Hakusema kwa kejeli. Mjomba Halidi si mtu mbaya, na ndiyo maana nashindwa hata kumchukia vizuri. Alikuwa na mpwa mwenye njaa mkononi na pori la ukoo mbele yake, akafanya wanavyofanya wakuu wa ukoo. Akamwambia, "Ungekuwa na jembe ndani ningemwambia Abdulmajid nini?"

Mama mdogo akaenda ofisi ya kijiji. Pale wakamsikiliza mpaka mwisho, kisha wakamwambia mambo ya ukoo hawayaingilii. Na zaidi ya hapo, mama, pale hapalimwi, ni ndani ya mita sitini. Unadai vipi shamba mahali ambapo hutakiwi kulima? Aliyepima si mwanao? Akatoka akakaa kwenye kizingiti cha ofisi. 

Abdulmajid yeye hakuulizwa na mtu. Analima nyanya na mashine ya kumwagilia, mpaka majini. Bikoni amezisukumia pembeni.

Hidaya akatafuta kazi. Aliomba ofisi za maji, za misitu, akaenda mpaka Dakawa kwenye skimu ya mpunga kuomba hata ya kupima maji kwenye mifereji. Kila anapofika wanataka uzoefu, na ule aliokuwa nao hauhesabiki, alikuwa anajitolea. Mwisho Umang, mwenye duka la pembejeo hapa nyuma ya soko, akamchukua auze dawa za mimea. Umang hana neno, anamlipa kwa wakati na anamwita dada. Siku moja nimempelekea chakula nikamkuta anamhudumia Abdulmajid. "Mtaalamu," Abdulmajid anamwambia, na kwa nia njema kabisa, "hii dawa ya kantangaze, hawa wadudu wanaotoboa nyanya zangu, naichanganya vipi?" Hidaya akamwelekeza kwa makini, kifuniko kimoja, maji ndoo, apige jua likishuka. Alipoondoka nikamuuliza mbona hukumwambia asipige karibu na maji. Akasema, "Nilishawahi kuwaambia watu kitu," akafungua chakula akala.

Nilidhani hapo pamefika chini. Kumbe chini kuna ngazi.

Mwaka jana Nasra alimaliza kidato cha nne, mwaka huu matokeo yakatoka, akafaulu kemia, baiolojia na jiografia, akapangiwa shule ya bweni kwa masomo hayo hayo. Anataka kufuata njia ya dadake. Si kwa kuiga, mtoto ana kichwa kuliko hata Hidaya, nasema mimi niliyewaona wote. Mama mdogo akakataa. Mwanvita yule yule aliyebeba mikungu miaka yote hiyo akasema Nasra ataingia ufundi cherehani, na hataki kusikia mengine.

Nasra akashuka mjini kwa siri, akaja kwangu, tukaenda wote kwa Hidaya. Nilikuwa na uhakika. Nilimwambia mtoto njiani, usihofu, dadako akizungumza na mama jambo limekwisha, Hidaya ndiye anayesikilizwa nyumba ile. Tukamkuta anafagia duka. Nasra akaeleza, akatoa matokeo yake kwenye simu akamwonyesha. Hidaya akayatazama muda mrefu. Akamshika mdogo wake shavu.

"Umefaulu vizuri sana," akamwambia. "Kajifunze kushona."

Nasra akadhani ni utani. Alitabasamu, akaniangalia mimi, akamwangalia dadake, tabasamu likaanza kumwisha. Nikaja juu. Nikamwambia Hidaya una wazimu, wewe wa kumwambia mtoto hivyo? Akachukua simu akampigia mamaye pale pale, akaiweka sauti tusikie sote. "Mama, Nasra yuko hapa. Nimemwambia akusikilize. Unasema kweli."  Kisha mama mdogo akasema, "Haya mwanangu," simu ikakatika.

Wiki ileile nilipanda Kinole kuchukua mzigo. Nikamkuta mama mdogo anapalilia nyanya za Abdulmajid, kibarua, palepale. Sikuweza kujizuia, nikamwambia maneno makali, kwamba ameua kichwa cha Nasra. Aliniacha nikamaliza. Akapangusa mikono kwenye gauni.

"Pili, mimi nilisema cherehani nikijua Hidaya atanibishia. Nilikuwa namngoja anibishie. Angesema neno moja tu, mama hapana, ningeuza mikarafuu yote ya mlimani nikampeleka." Akatazama mtoni kidogo. "Sasa yeye aliyeyasoma ameniambia nasema kweli. Mimi nitambishia kwa elimu gani?"

Akarudi kwenye tuta lake, kwa sababu Abdulmajid alitaka limalizike kabla ya mvua. Nasra ameanza kushona Jumatatu iliyopita.